Chakula cha Mji ni Shauri la Mji



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya chakula. Si juu ya namna ya kukipika, wala si juu ya namna ya kukilima tu, maana hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na wengi wenu mwayajua kutupita sisi. Twapenda kuuliza swali hili: Je, mji waweza kujiwekea shauri lake wenyewe juu ya chakula chake, shauri litakalofaa mwaka wa mvua na mwaka wa ukame? Mji tuliouchagua uwe mfano wetu ni Singida, ulio katikati ya nchi ya Tanzania, penye maziwa ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na mawe makubwa yaliyorundikana kana kwamba yalipangwa kwa mkono.

Twende kwanza sokoni. Mtu akifika Misuna katika msimu wa vitunguu ataona malori yakipakia magunia kwa safari ya Dar es Salaam, na mengine kwenda hata nchi za jirani. Akitembea mjini atasikia mashine zikikamua alizeti. Ataona matenga ya kuku wa kienyeji, maana kuku wa Singida wana sifa hata pwani. Ataambiwa habari za asali ya Manyoni na Itigi. Mtu huyo atasema moyoni mwake, "Nchi hii ina neema, watu wake hawana shida ya chakula."

Lakini asiondoke upesi. Na asimame penye njia panda, pale zinapokutana barabara za Dodoma, Arusha na Mwanza. Hapo ataona malori mengine yakiingia na mchele, na dagaa wa Ziwa Victoria, na sembe iliyokobolewa hata ikawa nyeupe kama chokaa, na madumu ya mafuta ya mawese yaliyovuka bahari. Kisha na aende katika shule saa sita za mchana, amwulize mtoto mmoja, "Umekula nini tangu asubuhi?" Huenda mtoto akamjibu, "Bado sijala."

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko ipasavyo umri wao, kwa sababu ya kukosa chakula chema kwa muda mrefu na kwa sababu ya maradhi. Mtoto aliyedumaa haonyeshi kidonda. Hucheza na wenzake, hucheka, na jirani humwita mwembamba tu. Lakini madhara yake humfuata hata darasani, na hata katika kazi zake za utu uzima. Basi mwaona ya kuwa kuuza chakula ni jambo moja, na kula vizuri ni jambo jingine. Nchi yaweza kufanya la kwanza, na bado ikashindwa la pili.

Tena hesabu ya watu inazidi. Katika mwaka 2012 mkoa wa Singida ulikuwa na watu 1,370,637. Mwaka 2022 walihesabiwa watu 2,008,058. Vinywa zaidi ya 600,000 vimeongezeka katika miaka 10, lakini mvua haikuongezeka. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, nayo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Msimu huo ukikosa, hakuna mwingine wa kuufidia mpaka mwaka uje tena.

Wazee wa nchi ya kati hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Katika Ugogo, ambao sehemu yake i katika wilaya ya Manyoni, jina la Mtunya halijasahauliwa. Mtunya ni njaa kubwa iliyokuja tangu mwaka 1917 hata 1920. Inakadiriwa ya kuwa watu 30,000 walikufa. Sasa fikirini sababu yake. Ni kweli mvua ilikosa, lakini kabla ya mvua kukosa, majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalikwisha kupita katika Vita Kuu ya kwanza, yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulipofika ulikuta maghala matupu. Kwa hiyo njaa ile haikuanzia mbinguni peke yake. Ilianzia pale chakula kilipoondoka katika nchi bila wenyeji kuwa na neno juu yake.

Siku hizi hakuna jeshi linalopita kuchukua nafaka, nasi twashukuru. Ila chakula chaweza kuondoka kwa amani pia, gunia baada ya gunia, kwa bei ndogo ya wakati wa mavuno, kisha kikanunuliwa tena kwa bei kubwa mwezi wa Januari. Hatusemi biashara ni mbaya. Vitunguu na alizeti vimejenga nyumba na kusomesha watoto wengi. Twasema tu ya kuwa mji uuzao bila kuhesabu ni kama mtu ale mbegu yake huku akifurahia shibe.

Tuone sasa wenzetu wa mahali pengine walivyofanya. Mji wa Belo Horizonte, katika nchi ya Brazili, mwaka 1993 uliweka idara yake yenyewe ya kushughulikia chakula. Idara hiyo ilifungua mahali ambapo mtu wa kipato kidogo aweza kula chakula kamili kwa bei nafuu, ikawapa wakulima wa jirani nafasi za kuuza mjini wenyewe, na ikaangalia chakula cha watoto shuleni. Mwaka 2009 nchi nzima ya Brazili ilitunga sheria ya kuamuru kwamba katika fedha za serikali kuu za chakula cha shule, si chini ya 30 katika kila 100 zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mji wa Kampala ulitunga sheria ndogo za kilimo cha mjini mwaka 2006, na Nairobi ikatunga sheria yake mwaka 2015. Mwaka huo huo wa 2015, miji zaidi ya 100 ya dunia ilitia saini mapatano katika mji wa Milano, Italia, ya kwamba chakula ni kazi ya mji, kama vile barabara, maji na taa zilivyo kazi za mji.

Neno hilo la mwisho ndilo tulilokusudia kulisema jioni hii. Mara nyingi twadhani ya kuwa chakula ni kazi ya mkulima akilime, na ya mama akipike, na ya serikali kuu akipatikane mwenye njaa. Mji wenyewe hukaa kando kama mgeni anayengoja kuandaliwa. Lakini mji ndio unaogawa viwanja, ndio unaojenga masoko na kutoza ushuru, ndio wenye shule za msingi, ndio unaozoa taka. Hayo yote ni mambo ya chakula. Wenye kazi hizo wasipokaa pamoja kushauriana, kila mmoja atafanya lake, na chungu kitabaki bila mwenyewe.

Basi Singida yaweza kuanzia wapi? Sisi twaona mambo matano, na yote yaweza kufanywa kwa mali na watu waliopo.

La kwanza ni kuhesabu. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mji na ujue chakula chake hutoka wapi: nafaka kiasi gani hulimwa katika kata zake zenye mashamba, kama Mtamaa, Mwankoko, Unyambwa na Mungumaji, kiasi gani huja kutoka Ikungi, Iramba na Mkalama, kiasi gani huja kutoka mbali, na bei hupandaje kila mwezi. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Yahitaji karani mwaminifu sokoni, na daftari, na watu wa kuisoma habari hiyo kabla ya mambo kuharibika.

La pili ni mizani. Mkulima wa vitunguu aijua vema lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu hata likapita kipimo chake. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, lakini penye upungufu wa mizani sheria haina macho. Mji ukiweka mizani ya haki katika kila soko, na kukataza mazao yasiyopimwa yasitoke, utakuwa umempa mkulima fedha ambayo ni yake tangu mwanzo. Mkulima anayepata haki hurudi shambani. Anayeibiwa mwaka baada ya mwaka huja mjini kutafuta kibarua, naye huwa kinywa kingine cha kulishwa.

La tatu, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni chungu cha shule. Tufanye hesabu pamoja. Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme shule ina watoto 500, na kila mtoto apewe chakula cha gramu 100 za unga kila siku ya masomo. Hizo ni kilo 50 kwa siku. Tuseme siku za masomo ni 190 kwa mwaka: ni kilo 9,500, yaani magunia 95 ya kilo 100. Sasa tuseme mkulima apata magunia 5 ya mtama katika eka moja, basi eka 19 zatosha kuwalisha watoto 500 mwaka mzima. Eka 19 si shamba la kutisha. Wakulima 19 wenye eka moja moja waweza kufanya mapatano na shule kabla ya kupanda, wakijua bei, wakijua na mnunuzi. Tia humo kunde au karanga, na kijiko cha mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa mjini, na mboga, nawe umepata mlo ambao hauna kitu hata kimoja kilichovuka bahari.

Twajua ya kuwa chakula cha shule hutokana hasa na michango ya wazazi, na ya kwamba wapo wasioweza, na wapo waweza wasiopenda. Lakini mpango wa mapatano huwafaa hata hao, maana mzazi aliyepungukiwa fedha aweza kutoa mtama, au kuni, au siku ya kazi katika shamba la shule. Tena serikali imeziagiza halmashauri zitenge Sh. 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Na sheria ya mwaka 2018 yaziagiza zitoe 10 katika kila 100 za mapato yao ya ndani kuwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Je, kikundi cha wanawake chenye mashine ya kusaga unga usiokobolewa, kikauza kwa shule za mtaani mwake, si mkopaji mzuri?

Hapa tutasimamishwa na mtu atakayesema, "Mtama? Hicho ni chakula cha shida. Watoto wetu wamezoea sembe." Tusimdharau mtu huyo, kwa kuwa ana hoja. Mtama ulipungua mashambani kwa sababu zinazojulikana. Kwelea kwelea huula ungali shambani, na watoto waliokuwa wakiwafukuza ndege hao sasa wako shuleni, nasi hatupendi warudishwe porini. Lakini mahindi nayo hukauka katika mwaka ambao mtama na uwele husimama. Majirani wakipanda mtama kwa wakati mmoja, mbegu za muda mfupi, ndege hawapati shamba moja la kulimaliza. Na makundi makubwa ya ndege hao ni kazi ya serikali, wapewe habari mapema. Ama kuhusu sembe, weupe wake watoka katika kuondolewa ganda na kiini, ambamo mna sehemu kubwa ya vitamini na madini ya nafaka. Twanunua ule weupe, na ile lishe twawaachia mifugo katika pumba. Bibi zetu waliokula ugali wa uwele kwa mlenda hawakuwa wajinga.

La nne ni akiba. Zamani wenyeji wa nchi hizi waliweka nafaka katika vilindo vya magome ya miti, ndani ya tembe zao. Siku hizi twatumia magunia, na mara nyingi fukusi huyafikia kabla ya sisi. Tena kuna adui asiyeonekana. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara iliyo jirani zetu, watu walipatwa na ugonjwa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wapatao 20 walikufa. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota juu ya nafaka, hasa iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, nayo haitoki kwa kupika. Dawa yake ni kukausha vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na kuhifadhi mahali pakavu. Mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka za nailoni ndani, huzuia hewa, na wadudu hufa bila dawa. Mji ukiwa na ghala safi katika kila kata, mkulima hatalazimika kuuza vyote siku ya mavuno. Akiba haiozi, walisema wazee. Ila na sisi tuilinde isioze.

La tano ni ardhi na maji ya mboga, na mifugo midogo. Maji ya Singidani na Kindai ni ya chumvi, hayafai kumwagilia bustani. Mji hupata maji yake katika visima virefu, nayo yana thamani. Kwa hiyo mabonde yenye unyevu yaliyo kando ya mji yasigawiwe yote kuwa viwanja vya nyumba. Na yapimwe, yaandikwe katika ramani ya mji kuwa ni ya bustani, ili mkulima wa mchicha asihamishwe kila mwaka. Maji ya mvua yaanguka juu ya mapaa ya shule bure; tangi moja huyahifadhi. Taka za sokoni, maganda na majani, zikitengwa na plastiki, ni mbolea. Na kuku, ambao ni jina jema la Singida, huuawa kwa wingi na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo yake hutengenezwa hapa hapa Tanzania, hutiwa tone moja tu katika jicho la kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu. Mtaa unaochanja siku moja wote pamoja huokoa mayai ya watoto wake. Anayechanja peke yake, hali jirani hachanji, apata faida nusu.

Mtu aweza kutuuliza, "Je, mkitaka kila kitu kitoke karibu, hamwui biashara?" La. Mji usijifungie. Mwaka Singida inapokosa mvua, itahitaji nafaka ya Rukwa na Ruvuma, na mwaka wa neema itauza. Lakini mtu mwenye akiba nyumbani huenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Asiye nayo huburutwa. Wakulima wa alizeti walijifunza hayo miaka ya 2022 na 2023, bei ya mbegu zao iliposhuka sana, wakati mafuta ya ng'ambo yalipoingia kwa ushuru uliopunguzwa. Ushuru wa forodha hauko mikononi mwa mji. Lakini kama shule, hospitali na majiko ya mji yangalikuwa na mapatano ya kununua mafuta ya mji, baadhi ya wakulima wangalipata pa kushika.

Sasa, ndugu zetu, mambo hayo matano yatafanywa na nani? Shauri la mji halitungwi na bwana mkubwa mmoja chumbani. Diwani wako hujadili makadirio ya fedha kila mwaka. Mwulize kabla ya mkutano, si baada yake: chakula cha watoto kimewekewa fungu gani? Mizani ya soko letu iko wapi? Ukikaa mtaani au kijijini, nenda katika mkutano, na uzungumze kwa adabu na kwa hesabu, maana hesabu husikilizwa kuliko kelele. Ninyi akina mama, ambao ndio hasa mwaijua bei ya kila kitu, msiache wanaume wazungumze peke yao juu ya chungu wasichokipika.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi moja. Kwa siku 7 andikeni katika daftari kila kitu kilicholiwa nyumbani kwenu, na mahali kilikotoka: shambani kwenu, wilayani, mkoa mwingine, au ng'ambo. Siku ya nane mpeni mwalimu wenu, mjumlishe darasa zima. Hapo mtakuwa na habari juu ya mji wenu ambayo huenda hata wakubwa hawana. Mpango mwingi mwema ulianza kwa orodha ya namna hiyo.

Tulipoanza tulimwacha mtoto shuleni, aliyesema, "Bado sijala." Mji unaopakia malori ya vitunguu hauwezi kumwambia ya kuwa chakula hakuna. Labda haujamfikiria tu. Basi na tumfikirie, tumwandike katika daftari, na tumpakulie kabla ya kupakia.